Kazi za Nyumbani: Ncha za Waya wa Baiskeli

Mwezi huu, ndugu wasomaji, twapenda kuzungumza juu ya kitu kidogo sana, nacho ni ile ncha ya waya wa breki ibakiayo ikining'inia baada ya bolti kukazwa. Urefu wake aghalabu haupiti vidole vitatu, na watu wengi huiona kuwa si kitu. Fundi akishakaza bolti yake huikata kwa koleo lolote lililo mkononi, akapokea ujira wake, na mwenye baiskeli akaenda zake. Baada ya majuma mawili matatu ncha ile huwa imekwisha fumuka kama ufagio wa chelewa, na hapo ndipo taabu huanza. Kazi ya kuimalizia vizuri yaweza kufanywa nyumbani na mtu yeyote mwenye mikono mitulivu, mwanamume au mwanamke, na vyombo vyake si vingi. Lililo gumu ni kuchagua, maana njia ni nyingi na kila fundi husifu yake.

Wazee wetu hawakuijua taabu hii. Zile baiskeli nyeusi za zamani, Raleigh za Nottingham, na baadaye Phoenix za Uchina na Hero za Uhindi, breki zake ni za fito: ukibana mkono wa breki, fito ya chuma huivuta fito ya pili, na ya pili huzivuta raba zikagusa rimu. Fito haifumuki. Waya upitao ndani ya ganda, ule uwezao kupindapinda na bado ukavuta, uliandikishwa hati ya uvumbuzi huko Uingereza mwaka 1896 na Bwana Ernest Monnington Bowden, na hata leo mafundi wa Ulaya huutaja kwa jina lake. Lakini kwetu huku ulienea khasa pale zilipoingia baiskeli za gia, pamoja na za mtumba zitokazo Japani na Ulaya. Kisha mwaka 1996 kampuni ya Shimano ya Japani ilitoa breki ya mikono miwili mirefu iibanayo rimu kutoka pande zote mbili, nayo imeigwa na viwanda vingi mno hata imekuwa jambo la kawaida katika baiskeli za bei nafuu. Basi leo katika nyumba moja waweza kukuta baiskeli ya babu isiyo na waya hata mmoja, na baiskeli ya mjukuu yenye nyaya nne: mbili za breki na mbili za gia. Nyaya nne zina ncha nne za kuangaliwa.

Mtu akaaye Arusha hahitaji kuhubiriwa juu ya breki. Mji wenyewe uko juu, yapata mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na nyuma yake umesimama Mlima Meru unaopita mita 4,500. Atokaye Ilboru, Sekei au Ilkiding'a kuja mjini huteremka, na aendaye Tengeru, kilomita 13 hivi upande wa mashariki, hushuka zaidi kuliko anavyopanda. Mkulima huteremka alfajiri na mikungu ya ndizi kuelekea Soko Kuu au Kilombero, na kijana huteremka na madumu ya maziwa, wote wakiwa wamezitegemea raba nne ndogo na nyaya mbili zisizozidi unene wa kijiti cha kibiriti. Tena udongo wa Meru ni wa volkano. Wakati wa kiangazi vumbi lake ni laini kama unga, huingia mahali ambapo hata maji hayaingii. Na masika yakifika, kuanzia Machi hata Mei, vumbi lile lile hugeuka tope la kunata.

Sasa, ncha iliyofumuka ina ubaya gani? Wako wasemao kwamba huilegeza breki siku hiyo hiyo. Maneno hayo si ya kweli, wala haifai kuwatisha watu kwa jambo lisilokuwapo. Nguvu ya breki hukamatwa na bolti. Kipande kilichobaki nje ya bolti hakivuti chochote. Mtu aweza kutembea mwaka mzima na ncha iliyofumuka na breki ikashika. Ubaya wake ni mwingine, nao huja kwa njia ya kuzunguka.

Waya wa breki si uzi mmoja. Ni nyuzi nyembamba za chuma cha pua zilizosokotwa pamoja, aghalabu 19, na unene wa zote pamoja ni kiasi cha milimita 1.5 au 1.6; wa gia ni mwembamba zaidi, kiasi cha milimita 1.2. Maadamu nyuzi zimeshikana, waya huingia na kutoka katika ganda lake kama uzi katika tundu la sindano. Zikisha achana, hautoki wala hauingii. Ukiuvuta kutoka, nyuzi zilizojikunja huparuza ndani ya ganda na kukwama. Na hata ukifaulu kuutoa, kuurudisha ni muhali. Basi mwenye baiskeli, ajuapo kwamba akiutoa waya hatauweza tena kuurudisha, huuacha humo humo. Vumbi la Januari hukaa ndani, maji ya Aprili huja juu yake, kutu hushika, na breki huanza kuwa nzito. Mwenyewe huzoea uzito ule kidogo kidogo bila kuutambua, mpaka siku moja katika mteremko anabana kwa nguvu zake zote na raba zinakuja polepole, au anaachia na raba zinakataa kurudi. Hiyo ndiyo madhara ya ncha iliyofumuka: hukuzuia kuutunza waya. Mwenye ncha nzima huutoa waya kila mwisho wa masika, akaufuta, akautia matone machache ya oili nyepesi, akaurudisha, na kazi yote haizidi robo saa. Oili nyeusi iliyomwagwa katika injini ya gari haifai kwa kazi hii, ijapokuwa hutolewa bure. Imejaa uchafu na hunatisha vumbi.

Ubaya wa pili ni wa mwili. Katika baiskeli nyingi za breki ya mikono miwili, ncha ya waya wa nyuma hutokeza karibu kabisa na karia, mahali ambapo hukaa mguu wa mtoto aliyepakiwa, au pindo la kanga na buibui la mama yake. Nyuzi 19 zilizochanuka ni miiba 19. Huchana nguo, hutoboa ngozi, na kidonda cha kutobolewa na chuma kilichojaa udongo na samadi ya njiani si cha kudharauliwa, kwani pepopunda hukaa katika udongo na samadi. Mtoto aliyechomwa na aoshwe kidonda kwa maji na sabuni, na apelekwe zahanati aulizwe kama chanjo yake ya pepopunda imekamilika.

Tukija kwenye vyombo, neno letu la kwanza ni hili: fedha yako itumie kwenye kukata, si kwenye kufunika. Waya uliokatwa vizuri huridhika na kifuniko chochote. Uliokatwa vibaya hauna kifuniko kitakachouponya. Koleo la kawaida, lile la kushikia lenye meno, lina makali madogo ubavuni, nayo hayakati waya bali huyaponda: nyuzi za juu hukatika, za chini hubanwa bapa na kusambaa. Koleo la fundi umeme la kukatia pembeni ni afadhali kidogo, lakini limefanywa kwa ajili ya kukatia shaba nyekundu, ambayo ni laini. Chuma cha waya wa breki hulibongoa makali mara moja. Lililo sawa ni koleo la kukatia nyaya za baiskeli, ambalo midomo yake miwili imepinda kama mdomo wa kasuku. Waya huingia katika tundu la katikati, ukazungukwa pande zote, na unapobana nyuzi hukusanywa pamoja badala ya kutawanywa, zikakatika kwa mkupuo mmoja. Kabla ya kulinunua, mwombe muuzaji ulijaribu kwenye kipande cha waya. Ukimaliza, itazame ncha. Ikiwa ni ya mviringo na uzi hakuna uliojitenga, lipa. Lifungue tena na ulielekeze kwenye mwanga: midomo ikikutana bila kuacha upenyo ni njema, na ukiona mwanga katikati, liache.

Koleo hilo si la bei ya mara moja kwa kila nyumba, na halitumiki kila siku. Majirani watatu wanne wanaweza kulinunua kwa shirika, likakaa kwa mmoja aliye mwangalifu. Ila sharti liwekwe tangu mwanzo: halikati misumari, halikati senyenge, wala spoki. Koleo lililokwisha kata msumari mmoja lina pengo katika makali, na pengo hilo litaacha uzi mmoja bila kukatwa katika kila waya, milele. Tumeona makoleo mazuri yakifa kwa namna hii katika juma la kwanza, na aliyeliua huwa ni mtu mwema aliyekuja kuazima.

Asiyelipata afanyeje? Zipo njia tatu zenye kufaa. Ya kwanza ni tindo. Lilaze eneo la kukatwa juu ya chuma bapa kizito, kipande cha reli au fuawe ya mhunzi, simamisha tindo lenye makali mema juu yake, na upige pigo moja zito la nyundo. Moja tu, mapigo madogo madogo huponda. Ya pili ni msumeno wa chuma wenye meno madogo sana, na huu huhitaji waya ufungwe kwanza, kama tutakavyoeleza. Ya tatu ni kwenda kwa mchomeleaji wa mageti mwenye mashine ya gurudumu la kukatia, ambaye hukata kwa nukta moja. Lakini gurudumu hutoa cheche na joto. Waya ushikwe mbali na raba na tairi, na kila aliye karibu azibe macho. Macho, kwa kweli, yazibwe katika njia zote tatu, na hata kwa koleo la kasuku, kwa sababu kile kipande kidogo kikatwacho huruka kama risasi.

Na siri ya kukata vizuri kwa chombo kisicho bora ni kuzifunga nyuzi kabla ya kuzikata, si baada. Watu wengi hugeuza mambo: hukata, huona zimefumuka, ndipo hutafuta gundi. Zungushia tepu ya fundi umeme mara tatu nne, kwa kubana, mahali pale utakapokata. Kisha kata katikati ya tepu. Au weka tone la gundi kali ile ya chupa ndogo, ngoja ikauke, ukate katikati ya sehemu iliyolowa. Kama nyuzi zimekwisha kuanza kuachana, zirudishe kwa vidole viwili ukizizungusha upande ule ule wa msokoto wake wa asili. Ukizungusha kinyume utazifumua zaidi. Usithubutu kufanya hivyo mikono mitupu kwa waya mkuukuu. Vaa glavu au tumia kitambaa kizito.

Sasa kumalizia. Hapa pana njia nyingi, na mtu achague kwa kujiuliza swali moja: je, waya huu nitautoa tena katika ganda lake? Kwa baiskeli ya huku, inayokula vumbi na tope, jibu ni ndiyo. Basi kila njia inayoacha uvimbe usioweza kupita katika ganda ni lazima iwe ya kuondoleka bila kuiharibu ncha, na kila njia isiyoondoleka ni lazima iwe nyembamba.

Iliyo maarufu ni kofia ndogo ya aluminiamu, inayovikwa kwenye ncha na kubanwa. Huuzwa kwa wauza vipuri, na ya breki ni pana kuliko ya gia. Ivike mpaka mwisho, kisha uibane kwa upole mahali pawili, kwa sehemu butu ya koleo, si kwa makali. Ukitumia makali utaikata kofia na nyuzi zilizomo. Siku ya kuutoa waya, ishike kofia kwa koleo, izungushe na kuivuta. Itatoka na kutupwa, na mpya itavikwa baadaye. Uzuri wake ni kwamba waya uliokatwa vizuri hubaki mzima ndani ya kofia. Ubaya wake ni kwamba aliyekata vibaya huitumia kuficha aibu, na siku inapovuliwa nyuzi hufunguka kama mwavuli.

Kofia zikikosekana, mji wetu una badala zake nyingi. Kile kishaba kidogo kinachokaza spoki kwenye rimu tundu lake huupokea waya wa breki vizuri. Fundi yeyote ana vikuukuu vyake katika kopo, na akibanwa kwa nguvu hushika kuliko kofia ya aluminiamu. Mafundi umeme nao wana vikopo vidogo vya shaba vya kuvika ncha za waya kabla ya kuzitia katika skurubu. Vile vya waya wa milimita 1.5 za mraba vyafaa sana. Na asiye na hata hivyo achukue kipande cha waya wa umeme wa nyumba, avute shaba, abaki na ganda la plastiki urefu wa kidole: la waya wa milimita 2.5 za mraba huuvaa waya wa breki, na la milimita 1.5 huuvaa ule wa gia. Tone la gundi ndani yake hulizuia lisidondoke barabarani. Si zuri kwa kutazama, lakini halimchomi mtu.

Njia ya gundi peke yake twaipenda kwa nyumba ambayo haina chombo kingine. Gundi kali, ile ambayo ni nyepesi kama maji, hunywewa na nyuzi yenyewe ikaingia katikati yake, na ikikauka ncha huwa ngumu kama sindano na haikuongezeka unene hata kidogo. Waya utatoka na kuingia katika ganda utakavyo. Sharti lake ni usafi. Gundi haishiki penye oili. Wengi huosha waya kwa mafuta ya taa wakadhani wamemaliza, na mafuta ya taa yenyewe huacha utando wa mafuta. Baada yake lazima maji ya moto na sabuni, kisha kukausha kabisa. Tena gundi hii hugandisha vidole kwa mara moja, na ikiingia jichoni ni balaa, kwa hiyo isifanywe watoto wakiwa wamezunguka magoti yako.

Lehemu ndiyo njia ya mabwana wa kazi, nayo ikifaulu hudumu kuliko zote: ncha huwa kitu kimoja, nyembamba, hupita katika ganda miaka na miaka. Lakini haifaulu kwa kila waya, na hapa ndipo watu hupoteza saa zao. Waya uliopakwa zinki, wa rangi ya kijivu iliyofifia, hupokea risasi kwa dawa ya kawaida ya kulehemia, ukiwa safi. Waya usioshika kutu, ule wa kung'aa, huikataa. Risasi huteleza juu yake kama maji juu ya jani la myugwa, isipokuwa kwa dawa yenye asidi kali, ambayo hatupendi kuiona nyumbani. Na nyaya nyingine za bei kubwa zimepakwa utando wa plastiki utelezao, nao haukubali lehemu kabisa. Ukiwa na shaka, jaribu kwenye kile kipande utakachokitupa. Fundi redio au fundi simu wa mtaani ana chuma cha kulehemu kilicho tayari moto, naye atakufanyia kwa dakika mbili. Mpelekee waya uliokwisha oshwa, na alehemu kwanza ndipo ukate katikati ya lehemu. Asiweke rundo la risasi, kwani uvimbe utakwama. Anayefanya mwenyewe na akumbuke kwamba katika risasi nyingi za kulehemu mna madini ya risasi yenye sumu: asifanye jikoni, asitumie chombo cha chakula, na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika kitu kingine.

Kuna desturi nyingine ambazo twaziona mitaani, nazo tutazipita haraka. Kupiga fundo mwishoni: hushika, lakini kulifungua fundo ni kuharibu waya, na hakuna njia ya kuutoa ila kuukata. Kukunja ncha ikarudi nyuma na kufungwa tepu: tepu huyeyuka gundi yake kwa jua, ikabaki kitambaa cha kunata chenye vumbi. Kuchoma ncha kwa moto mpaka ikawa nyekundu: joto huondoa zinki na kuulainisha ule ugumu wa chuma, na kutu huanza hapo hapo, moshi wa zinki nao ukivutwa huleta homa. Kuyeyushia mfuko wa plastiki: hata fundi aufanyaye huo hausifu.

Urefu wa kuacha ni neno linalosahauliwa. Waya mpya, pamoja na ganda lake, hujipanga katika siku za kwanza na breki hulegea. Raba nazo huisha, na mara kwa mara itapasa kufungua bolti na kuvuta kidogo. Aliyekata karibu na bolti kwa kutaka urembo hatakuwa na pa kushika. Vidole vitatu vyatosha, na ncha ielekezwe chini au ndani, mbali na spoki na mbali na mguu. Kata baada ya kuzijaribu breki kwa kuzibana kwa nguvu mara kumi au zaidi, si kabla.

Ganda nalo lina ncha zake, na zaidi ya nusu ya breki nzito tunazoziona asili yake ni ganda lililokatwa vibaya. Ndani yake mna chuma kilichozungushwa kama springi, na ndani kabisa mfereji mdogo wa plastiki. Koleo likipita juu yake huacha jino la chuma lililoingia ndani, nalo hukwaruza waya kila ubanapo breki. Baada ya kukata, ichonge ncha kwa tupa mpaka iwe bapa na iliyonyooka, ulifungue tundu kwa msumari mwembamba, kisha uvike kikopo chake. Na hapa kuna hatari ambayo kila mzazi aijue: ganda la breki na ganda la gia si kitu kimoja, ijapokuwa kwa nje hufanana. La breki lina springi. La gia, katika baiskeli nyingi za siku hizi, lina nyuzi za chuma zilizonyooka zikipita urefu wote, zimeshikwa na plastiki tu. Halikufanywa kustahimili nguvu ya breki, na laweza kupasuka ubavuni wakati ule ule ubanapo kwa nguvu. Mwenye kuuza aweza kukupa lolote lililopo. Tazama ncha yake: ukiona duara la springi ni la breki, ukiona vinukta vingi vya nyuzi kama ufagio uliokatwa, kakitumie kipande hicho kwenye gia.

Imebaki ncha ya upande wa pili, ile yenye kichwa cha madini kinachoingia katika mkono wa breki. Juu ya hiyo shauri letu ni kinyume cha yote tuliyotangulia kusema: isiguswe nyumbani. Nyaya nyingine huuzwa na vichwa viwili, kimoja cha mviringo kama pipa na cha pili kama pera, ili muuzaji awatosheleze wateja wa kila namna. Angalia mkono wako wa breki wapokea kipi. Aghalabu ni pipa kwa baiskeli za usukani ulionyooka. Kikate kile usichokihitaji, na upande huo ndio utakaokuwa ncha ya kumalizia. Kile kibakicho ndicho kitakachobeba maisha ya mpandaji. Ncha iningi'niayo haivuti kitu, kwa hiyo waweza kuivika ganda la waya wa umeme na mambo yakawa sawa. Bali kichwa huvuta kila kitu, na mkono wa breki huizidisha nguvu ya vidole mara mbili na zaidi kabla haijafika kwenye waya. Kichwa kikikatika, wako watu wanaopiga fundo mahali pake, au kulehemu donge la risasi laini, au kubana kwa skurubu ya kiunganishi cha umeme. Donge la fundi redio litashika uani, litashika katika barabara bapa ya Ngarenaro, na litachomoka katika mteremko wa Ilboru, mahali ambapo mtu hubana kwa nguvu kuliko popote. Waya mpya bei yake ni ndogo. Tena waya aghalabu hauanzi kukatika mahali pengine ila karibu na kichwa hicho, ndani ya mkono wa breki ambamo hupinda kila siku. Basi kila uutoapo kwa kuutia oili, upindue kidogo mahali hapo na uhesabu. Ukiona uzi mmoja umekatika, waya umekwisha, hata kama ncha yake ya pili umeimalizia kwa ustadi gani.

Mahali pa kufanyia kazi hii ni uani, penye sakafu ya saruji au juu ya gunia lililotandazwa, wala si ndani ya nyumba. Vipande vya nyuzi ni vyembamba kuliko sindano na havionekani katika mkeka. Chumba tunachoingia miguu mitupu, tukaketi na kusujudu humo, si mahali pa kukatia waya. Ukimaliza, chukua sumaku ya spika mbovu ya redio, ifunge katika mfuko wa nailoni, uipitishe juu ya gunia na sakafu yote. Vipande vya zinki vitaruka vyenyewe. Vile vya chuma kisichoshika kutu huvutwa kwa udhaifu, hivyo rudia mara ya pili ukiishusha karibu zaidi. Kisha ugeuze mfuko nje ndani, na vyote vitabaki humo. Vitie katika kopo lenye kifuniko na usivimwage katika jaa ambalo kuku na mbuzi huchakura.